Duka la Baba na Mbwa wa Sola

Kwa miaka yote niliyokaa Guangzhou, nikiulizwa baba yangu anafanya kazi gani, nimejibu kwamba ana duka la vifaa vya kilimo. Nimewajibu hivyo Wazanzibari ninaokula nao, Wakongo ninaopanga nao makontena, mama mwenye nyumba, hata daktari wa meno aliyeuliza ili nisiitazame sindano. Ni jibu zuri, halizai maswali. Ukweli ni kwamba baba alikuwa na duka la bunduki, katika mji mdogo wa wilaya huko Tabora, na ukiyasema hayo huku China, nchi ambayo raia kukutwa na bunduki ni kesi kubwa, watu wanakutazama mara mbili. Mimi sipendi kutazamwa mara mbili. Kwa rangi yangu nimeshatazamwa vya kutosha kwenye mabasi ya mji huu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye nondo dirishani na milango miwili ya chuma, mmoja nyuma ya mwingine. Kwenye kabati la vioo zilisimama bunduki sita au saba za marisau, zimefungwa kwa mnyororo mmoja. Chini yake maboksi ya risasi, na nyuma ya pazia meza ya ufundi ambako baba alitengeneza magobore yenye umri mkubwa kuliko yeye. Wateja wake hawakuwa majambazi. Walikuwa wakulima wa mahindi na karanga waliochoshwa na nguruwe pori na nyani, wafugaji waliosumbuliwa na fisi, na wazee wachache wenye leseni za siku nyingi. Kila risasi iliandikwa kwenye daftari la polisi, mnunuzi akaweka dole gumba, na baba akapuliza wino mpaka ukauke.

Ilikuwapo kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mke akiona mumewe ameanza kunywa vibaya, au ndugu wakigombea mpaka wa shamba, mtu alimjia baba kimya kimya. Baba alipanda baiskeli akaenda kwenye nyumba ile, akapokea maji ya kunywa, akasalimia watoto, kisha akasema, "Bwana, mara ya mwisho niliona kutu kwenye bunduki yako. Naichukua nikaisafishe." Leseni yake ilimruhusu kuhifadhi silaha za watu. Kuisafisha kulichukua wiki tatu, wakati mwingine miezi miwili, mpaka nyumba ile itulie. Mwenye bunduki alijua hakuna kutu. Hata hivyo sikumbuki hata mmoja aliyekataa, kwa sababu kukubali kutu kulikuwa rahisi kuliko kukubali lile jingine.

Kisha duka likaanza kunyauka, na haki ya Mungu sikuliangusha peke yangu. Vibali vya kununua risasi vikawa vya kufuatilia mpaka mkoani. Vijana waliorithi bunduki za baba zao waliona usumbufu wa leseni, wakazisalimisha polisi. Risasi zenyewe zikawa za kuagizwa kutoka Dar kwa barua tatu na muhuri. Wenzake baba wa wilaya za jirani wakafunga mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikodisha chumba chake kwa msusi, na baba akasafiri kwenda kukiona, akarudi akasema nondo za dirishani zipo vilevile, zimetundikwa mapazia ya waridi. Alicheka aliposimulia, lakini siku ile hakula chakula cha mchana.

Mimi wakati huo nilikuwa huku, wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa nyumbani wananitumia picha kwa simu, mimi nazunguka masoko, nanunua, nakusanya godauni, napakia bandarini Huangpu. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka la baba, yupo mfanyabiashara wa vitu mchanganyiko: ndoo, baiskeli, redio, magodoro. Ukutani amechora jogoo mwekundu, na mji mzima unamjua kwa jogoo wake. Siku moja akaniandikia: "Mwanangu, hao Wachina wanaotengeneza kila kitu, hawana kitu cha kufukuza nyani?"

Walikuwa nacho. Ni kiboksi chenye paneli ndogo ya sola juu na spika mbele. Mnyama akipita karibu kinawasha taa kali, kinabweka kama mbwa watatu, kisha mwanamume anafoka kwa Kichina, kisha mlio wa bunduki. Nilimtumia katoni mbili za kujaribu. Baada ya mwezi akataka kumi. Wakulima wakavibatiza mbwa wa sola, na nyani wa wilaya yetu wakawa wanakimbia matusi ya Kichina.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa muda mrefu nilijitia hamnazo. Mkulima mwenye mbwa wa sola hahitaji risasi, na asiyehitaji risasi havuki barabara kuingia kwa baba. Ningeweza kumpa baba ile biashara kwanza. Niliwaza hilo nikiwa na simu mkononi, nikajiambia kwamba baba atataka kimoja akifungue akichungulie ndani, atauliza maswali mia, wakati jirani analipa na kunyamaza. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni mbaya zaidi: nilikuwa nimelichoka lile duka. Nilitaka life lenyewe, taratibu, ili siku moja niweze kusema baba amestaafu na mambo yaishe hapo.

Kwenye simu baba alikuwa akiniambia, "Siku hizi nyani wamestaarabika, mama. Watu hawaji kabisa." Baba huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Labda ni mvua, baba," nilimjibu. Nilikuwa nimekaa juu ya katoni zenyewe.

Baada ya kama miaka miwili akasema anakuja. Leseni yake ya biashara ilikuwa inakaribia kwisha, na mkuu wa polisi wa wilaya alimwambia kwamba duka lisilouza haliwezi kupewa leseni mpya, labda karakana yake iwe inafanya kazi kweli. Bunduki mbovu zilikuwapo nyingi wilayani, zimekaa kwa kukosa springi. Springi ya Ulaya haipatikani tena. Akipata mahali pa kuchongewa, karakana itaamka, na karakana ikiamka leseni ataipata. "Nisipoipata safari hii, ndio mwisho," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia bei ya sukari.

Nilimpokea uwanja wa ndege wa Baiyun. Alivaa koti la suti la kuazima lililomzidi mikono, akiwa na begi moja dogo alilolikumbatia kifuani. Alikuwa amezeeka kuliko picha zake. Nilimpeleka kwangu akalala, akaamka, akaswali, akasema yuko tayari kwa kazi.

Sasa, sisi tunaofanya biashara huku tuna desturi ya kuja na sampo. Mtu anatoka nayo nyumbani: kitasa, kijiko, kipande cha kitenge, kifuniko cha chupa ya chai. Anaiweka mezani kwa laoban, ndivyo tunavyomwita kila mwenye duka, anasema nataka kama hii. Hakuna anayekuja Guangzhou mikono mitupu, na baba alikuwa amewauliza wasafiri wenzake jinsi mambo yanavyofanyika. Tukiwa kwenye foleni ya kuingia metro, pale mabegi yanapopitishwa kwenye mashine na askari kijana anatazama skrini, baba akafungua kitambaa cheupe kiganjani. Ndani yake palikuwa na springi ndogo nene, imepakwa mafuta.

"Hii ndiyo sampo yangu," alisema. "Inakaa nyuma ya nyundo ya bunduki." Akalisema neno bunduki kwa sauti nzima, kama anavyolisema nyumbani.

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Hata hivyo niligeuka kumtazama yule askari. Nilimnyang'anya ile springi, nikamwambia anisubiri, nikaenda chooni nikaitupa kwenye pipa la takataka, nikaifunika kwa makaratasi. Niliporudi nilimwambia nimeiweka vizuri, nitampelekea fundi ninayemjua. Jioni yake nikamwambia fundi amesema meiyou, hakuna, mashine yao haikunji chuma cha namna ile.

Kumkatalia nilikuwa na haki. Kutafuta mtu wa kuchonga kipande cha bunduki katika mji huu kungetufikisha pabaya sote wawili. Ningemwambia tu, baba, hapa hilo ni kosa. Angeelewa kabla sijamaliza sentensi, mtu aliyeishi kwa vibali na mihuri maisha yake yote. Lakini kumwambia kungenilazimu nilitamke lile neno, tukae nalo, tulizungumze. Nikaona uongo ni mwepesi.

"Hana mashine," baba alirudia, akaitikia kwa kichwa. "Basi."

Kesho yake tulikula kwenye mgahawa wa halali wanakokula watu wa kwetu. Mzanzibari mmoja, mnunuzi wa nguo anayeshinda Guangyuan Xilu akipanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla, alimpisha baba kiti kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Karibu China. Nyumbani unashughulika na nini?"

Kabla baba hajameza, nilidakia. "Ana duka la vifaa vya kilimo."

Baba alinitazama. Alikuwa na tonge mkononi, na tonge lile lilikaa hewani muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha akamgeukia yule kijana. "Ndiyo," alisema. "Majembe." Na kwa kuwa aliulizwa zaidi, akaendelea: majembe yapi yanafaa ardhi ya kichanga, mpini wa mti gani haupasuki, kwa nini siku hizi wakulima wanapenda ya plau. Hajauza jembe hata moja maishani mwake. Alinisitiri kwa dakika kumi nzima bila kukosea, nami nikainama kwenye sahani yangu nikichambua miba ya samaki asiye na miba. Aibu ilinipata pale pale, lakini sikuifanyia kitu.

Tulipotoka alisema, "Springi imeshindikana. Nionyeshe basi kitu kingine ninachoweza kuuza. Kabati lipo, mlango upo."

Ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni naacha kukata vitunguu. Nilimpeleka kwenye jengo la vifaa vya umeme ninakonunua siku zote. Miguu ilijua njia, kichwa changu kikawa kwingine, nikasahau kabisa kwamba ile ndiyo siku ambayo mzigo wa jirani ulikuwa unangoja lori la kwenda Huangpu. Tulipopanda ghorofa ya pili, katoni ishirini na tatu zilikuwa zimepangwa mlangoni kwa laoban, mwanamke mnene mcheshi tuliyezoeana naye. Kila katoni ina maki, yaani alama ya mwenye mzigo, kwa sababu Dar wapakuaji hawasomi majina, wanatafuta picha. Maki ya mzigo ule, iliyopuliziwa kwa rangi nyekundu pande zote nne, ilikuwa jogoo.

Baba alisimama. Aliweka kidole kwenye mkia wa jogoo mmoja, akaufuata mpaka kwenye upanga wa kichwani.

"Huyu namfahamu," alisema. "Nimemtazama kila asubuhi miaka ishirini."

Laoban, masikini, alidhani mzee amependezwa na bidhaa. Akachomoa kiboksi kimoja, akakiweka kwenye kaunta, akapitisha mkono mbele yake. Taa ikawaka. Mbwa wakabweka, mwanamume akafoka, bunduki ikalia. Wanunuzi wawili wa duka la pili waligeuka wakacheka. Baba hakushtuka. Aliinamisha sikio.

"Irudie," alisema, nami nikatafsiri. Ikalia tena.

"Hiyo si bunduki," alisema. "Hiyo ni fataki ndani ya pipa." Akakigeuza kile kiboksi, akapapasa skrubu zake kwa ukucha. "Nyani wanaikimbia?"

"Wanaikimbia, baba."

"Umeanza lini kumpelekea?"

"Mwaka juzi."

Nilimwona akihesabu. Nilijua anahesabu misimu ya mahindi, wakulima wa kila kijiji ambao hawakurudi, mmoja mmoja kwa jina, maana alikuwa na dole gumba la kila mtu kwenye daftari. Nilisubiri anifokee. Ningemshukuru. Mbele ya laoban, mbele ya wale wawili, angenitukana kwa Kiswahili na Kinyamwezi, ningesimama nipokee.

"Muulize," alisema, "ikiharibika nani anaitengeneza."

Nilimuuliza. Laoban alicheka, akapunga mkono. Haitengenezwi, alisema, inatupwa, inanunuliwa nyingine. Nilitafsiri yote, hata kicheko nilijaribu kukieleza, nikaona najifanya mpumbavu nikaacha. Baba alikirudisha kile kiboksi kwenye katoni yake, akazikunja mbawa za katoni kwa mpangilio zisifunguke njiani.

Siku tatu zilizobaki hatukulizungumza. Alikaa dirishani akitazama barabara ya juu. Alifunga bawaba ya kabati langu la jikoni iliyokuwa imelegea tangu nihamie. Aliniuliza kama nakula vizuri. Kila nilipofungua mdomo niseme, nilisema kitu kingine: kuna chai, kuna baridi, vaa soksi. Sijawahi kujiona mwoga kama siku zile, na mimi ni mtu ninayegombana na madereva wa malori ya kontena kwa Kichina na kuwashinda.

Baiyun, kabla hajaingia kwa askari wa pasipoti, alilishusha begi lake chini.

"Ile springi," alisema. "Kama yule fundi hajaitupa, mwombe akurudishie. Siyo yangu. Niliitoa kwenye bunduki ya mtu, nilimuahidi itarudi."

"Nitamuuliza, baba," nikasema.

Alinishika bega, akaondoka. Nilimtazama mpaka koti lile la kuazima likapotea kati ya watu, kisha nikashuka metro, nikasimama mbele ya choo kile, kana kwamba pipa la takataka la Guangzhou linakaa wiki nzima bila kumwagwa. Niliingia hata hivyo. Mama anayesafisha aliniuliza nimepoteza nini, nikanawa mikono nikatoka.

Leseni iliisha, hakuomba nyingine. Polisi walikuja na gari wakachukua bunduki za kabatini na zile za watu alizokuwa akizihifadhi, baba akasaini ukurasa wa mwisho wa daftari. Dada yangu ndiye aliyenieleza. Alisema wiki ile ile mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alikuja akakaa kibarazani, akauliza sasa mtu akimuogopa mumewe ampelekee nani bunduki. Baba alimwambia aende polisi. Yule mama alikaa kidogo, akaaga, na dada hakumwona akielekea upande wa polisi.

Mimi niliendelea kupakia. Naweza kusema mteja ni mteja, na wakulima wa watu wamepata kuvuna. Yote ni kweli, na sijawahi kuyasema mbele ya baba.

Mwezi uliopita mwenye jogoo alikuja Guangzhou mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye ofisi yangu, kwenye stuli ya plastiki, akafungua tende alizonichukulia, akaniangalia kwa macho mema.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Pale mjini palikuwa na maneno mabaya juu yako. Watu walisema binti amemkata baba yake miguu. Hata mimi walinisema, kwamba nimenunua mtoto wa jirani yangu. Mzee wako aliyasikia. Ijumaa moja baada ya swala akasimama, mtu asiyependa kusimama mbele za watu, akasema, 'Msimseme mwanangu. Mimi ndiye niliyemtuma. Biashara yangu niliiona imekwisha, nikamwambia mambo ya nyani ampe jirani, ana mtaji.' Watu wakanyamaza. Tangu siku hiyo nawaambia wanangu, baba ni yule." Akatema kokwa ya tende kiganjani. "Lakini mimi hakuwahi kuniambia neno, na nimekaa mkabala naye maisha yote. Nikasema nikifika nitakuuliza wewe. Ni kweli alikutuma?"

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, limewasha king'ora chake. Nilisubiri linyamaze. Nilikuwa na nafasi yote ninayoihitaji, na mtu mmoja tu wa kunisikia.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alinituma."

Akafurahi sana. Akamwombea baba umri mrefu, nikaitikia amina, kisha nikavuta karatasi ya oda nikamuuliza safari hii anataka katoni ngapi.